Kiinua Mgongo Kisigeuzwe Kivunja Mgongo



Kuna maneno yameanza kuzoeleka katika nchi yetu, nayo ni maneno mabaya. Yasemwa maofisini, yasemwa katika semina, na sasa hata kijana wa mtaani huyarudia bila kuyapima. Ati wazee wamekuwa wengi. Ati siku hizi wanaishi muda mrefu mno. Ati mifuko ya pensheni haiwezi kuwabeba. Maana yake ni kwamba mtu aliyelitumikia taifa miaka 30 au 40 sasa ahesabiwe kuwa mzigo, na kosa lake ni moja tu: hajafa.

Twasema wazi, la hasha! Pensheni si sadaka ya Ijumaa wala si sahani ya makombo inayotolewa mlangoni baada ya wakubwa kushiba. Pensheni ni mshahara ambao mtu aliufanyia kazi akiwa na nguvu, akaambiwa, "Uache hapa, tutakutunzia." Aliuacha. Leo amerudi kuuchukua. Anayemwambia "subiri", au "chukua nusu", au "wewe hujui kutumia fedha", huyo si mfadhili wake. Huyo ni mdeni wake.

Hili ndilo jambo letu leo. Hatukatai mabadiliko. Idadi ya wazee inaongezeka kweli. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, na kati yetu wenye miaka 60 na zaidi ni zaidi ya milioni 3. Idadi hiyo itazidi kupanda, na mfuko usiopangwa vizuri hufilisika. Haya tunayajua. Tunalokataa ni mabadiliko yanayoanza kwa kumkata anayedai, huku anayedaiwa akiachwa akitembea kifua mbele.

HESABU YA MWALIMU

Hebu tufanye hesabu, maana wengi wanazungumza juu ya kikokotoo bila kushika kalamu.

Tumchukue mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara unaotumika kumpigia hesabu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Tuutumie mshahara huo huo katika hesabu zote, ili asije mtu akasema tumepunja.

Kwa kanuni ya zamani iliyotumika kwa watumishi wa Serikali, pensheni yake ya mwaka ilipatikana kwa kuzidisha miezi 360 kwa mshahara wa mwaka, kisha kugawa kwa 540. Ni shilingi 8,000,000. Nusu ya hizo ilizidishwa kwa miaka 15.5, naye akapewa kwa mkupuo shilingi 62,000,000. Nusu iliyobaki ikawa pensheni ya kila mwezi, kama shilingi 333,000.

Mwaka 2018 mifuko minne ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, na kanuni mpya zikatolewa. Kigawanyo kikawa 580 badala ya 540. Miaka 15.5 ikawa 12.5. Nusu ikawa robo. Mwalimu yule yule, kwa kazi ile ile, mkupuo wake ukaanguka kutoka shilingi milioni 62 hadi kama milioni 23.3. Wafanyakazi walilia nchi nzima, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha kanuni zile, akaagiza ya zamani yaendelee mpaka 2023.

Lakini 2023 haikungojwa. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, mkupuo wa asilimia 33. Mwalimu wetu akapata kama milioni 30.7. Malalamiko yakaendelea mpaka Bungeni, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 waliokuwa wakipata asilimia 50 hapo zamani wakapandishwa kutoka 33 hadi 40. Mwalimu sasa apata kama milioni 37.2.

Wapo wanaosema, "Lakini pensheni ya kila mwezi imepanda!" Ni kweli, nasi si watu wa kuficha ukweli. Kwa asilimia 40 mwalimu hupata kama shilingi 372,000 kila mwezi badala ya 333,000. Ameongezewa kama shilingi 39,000 kwa mwezi. Lakini katika mkupuo amepungukiwa kama shilingi milioni 24.8. Sasa gawanya mwenyewe, ndugu msomaji. Tukiacha nyongeza zozote za baadaye, kwa hizo 39,000 za kila mwezi itamchukua zaidi ya miaka 52 kurudisha alichopungukiwa. Akistaafu na miaka 60, itambidi afike miaka 112!

Na hawa ndio wanaotuambia kwamba wazee wanaishi muda mrefu mno.

"HAMJUI KUTUMIA FEDHA"

Tumesikia sababu nyingine. Ati mstaafu akipewa fedha nyingi kwa pamoja huzitapanya, huoa mke wa pili, hununua basi bovu, na baada ya miaka miwili ni maskini. Ati afadhali apewe kidogo kidogo kwa faida yake mwenyewe.

Maneno haya si mageni masikioni mwetu. Wazee wetu waliambiwa kwamba Mwafrika hajui kujitawala, asubiri kwanza afundishwe. Leo aliyefundisha watoto wetu hesabu kwa miaka 30 anaambiwa kwamba hesabu ya fedha zake mwenyewe imemshinda.

Wapo waliotapanya, hatukatai. Wapo matapeli wanaowavizia wastaafu kama fisi avizialo zizi, nao wanastahili kukamatwa na kufungwa. Lakini tangu lini dawa ya mwizi ikawa kumnyang'anya mwenye mali? Na tuulize: kwa nini mfanyakazi anautaka mkupuo? Kwa sababu mshahara wake wa miaka yote haukutosha kujenga. Mwalimu wa kijijini, muuguzi wa zahanati, karani wa halmashauri, hao hustaafu wakiwa bado wamo katika nyumba ya kupanga. Mkupuo ndio nyumba yao ya kwanza, ndio ada ya mtoto wa mwisho, ndio mtaji wa duka au wa ng'ombe wawili wa maziwa. Lugha yetu iliuita kiinua mgongo, maana mtu aliyeinama miaka 30 apate kusimama wima. Ukimpa asilimia 40, umemwinua mpaka wapi?

NANI ALIYEUDHOOFISHA MFUKO?

Tufike sasa kwenye kiini cha jambo. Twaambiwa mfuko ulikuwa dhaifu, na bila kukata mafao ungekufa. Vema. Lakini mgonjwa hatibiwi kabla ya kujulikana kilichomwuguza.

Kabla ya mwaka 1999 watumishi wengi wa Serikali hawakukatwa mchango wa pensheni. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalipa kutoka Hazina walipostaafu. Mwaka 1999 ukaundwa mfuko wa PSPF, na watu hao wakaingizwa humo. Mfuko ukaanza kuwalipa pensheni ya utumishi wao wote, pamoja na miaka ile ya kabla ya 1999 ambayo haikuwa na senti moja ndani ya mfuko. Fedha za miaka hiyo zilipaswa kuletwa na Serikali. Hazikuletwa kwa wakati. Mwaka baada ya mwaka mfuko ukalipa deni la mtu mwingine kwa michango ya vijana waliokuwa kazini, na deni likakua likapita shilingi trilioni 4.

Mwaka 2021 ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu za zaidi ya shilingi trilioni 2. Twalisifu jambo hilo, maana lililo jema husemwa kuwa jema. Lakini hatifungani ile haikuwa fedha taslimu, wala haikuwa deni lote. Na ilikuja zaidi ya miaka 20 baada ya mfuko kuundwa. Katika miaka hiyo yote hakuna mzee aliyekula zaidi ya haki yake. Mfuko haukudhoofishwa na wazee kuishi. Ulidhoofishwa na mwajiri kutolipa.

Tena kuna uwekezaji. Fedha za wanachama zilikopeshwa na kujengewa majengo ya umma, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa mfano mkubwa. Chuo kile ni kizuri, na watoto wetu wanasoma pale. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimesema mara nyingi kwamba mikopo ya namna hiyo ilichelewa kurejeshwa. Na kule Kigamboni, mfuko wa NSSF uliingia katika mradi wa Dege, maelfu ya nyumba, na mradi ukasimama njiani na majengo yakabaki magofu kando ya bahari. Je, mwanachama mmoja aliulizwa? Je, mfanyakazi wa kiwandani aliyekatwa mchango kila mwezi alipewa nafasi ya kusema hapana?

Hasara ilipopatikana, hakuna aliyesema, "Tukate marupurupu ya walioamua." Walisema, "Tukate mafao ya waliochanga."

TULIWAHI KULIJUA JIBU

Ndugu, nchi hii iliwahi kulijua vizuri jibu la swali hili. Tulipopata uhuru mwaka 1961 tuliachiwa mzigo wa kuwalipa pensheni maofisa wa kikoloni, watu waliokuja kututawala, wakarudi kwao Uingereza kustarehe. Mkulima wa Tanganyika alitozwa kodi ili bwana aliyemtawala apate kuzeeka vizuri. Mwaka 1968 Serikali ya Mwalimu Nyerere ikasema basi. Ikatangaza kwamba haitaendelea kulipa pensheni kwa utumishi wa kabla ya uhuru, maana watu wale waliitumikia Uingereza, na Uingereza ndiyo iwalipe. Waingereza walikasirika, wakakata misaada. Serikali haikurudi nyuma. Katika miaka ya 1970 Uingereza yenyewe ilichukua jukumu la kuwalipa waliokuwa maofisa wake katika makoloni.

Kanuni iliyosimamiwa mwaka ule ni rahisi, hata mtoto aielewa: aliyemtumikisha mtu ndiye mdeni wake. Kanuni hii ilikuwa ya haki dhidi ya Mwingereza. Haiwezi kuacha kuwa ya haki kwa sababu mdeni ni sisi wenyewe.

Lakini tuliisahau mapema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walibaki wakidai mafao yao. Walidai mpaka nywele zikawa nyeupe. Zaidi ya miaka 20 baada ya Jumuiya kufa, wazee wale walikuwa bado wakikaa barabarani Dar es Salaam, na mikongojo yao, wakidai kilicho chao. Wengi walizikwa kabla ya kulipwa. Aibu ile ingetutosha. Haifai tuiandae nyingine.

MKULIMA NAYE ANADAI

Hata hivyo, ndugu mwanachama, tukiishia kwa mwalimu na karani tutakuwa tumewatetea wachache na kuwaacha walio wengi. Wanaopata pensheni katika nchi hii ni sehemu ndogo ya wazee wetu. Wengi hawakuwahi kukatwa mchango, kwa sababu hawakuwahi kuajiriwa. Walilima, walivua, walichunga.

Wakubwa husema, "Hawa hawakuchangia, basi hawana wanachodai." Uongo mtupu! Nani aliyeleta fedha za kigeni zilizojenga shule na kununua mitambo katika miaka ya kwanza ya uhuru? Ni mkulima wa pamba Usukumani, wa kahawa Kilimanjaro na Bukoba, wa korosho Newala, na kibarua wa mkonge Tanga. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikanunua mazao kwa bei zilizopangwa, na mkulima akapata sehemu tu ya bei ya soko la dunia. Sehemu iliyobaki ilikwenda wapi? Ililiendesha taifa. Juu ya hayo alilipa kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003, na aliyeikosa alijificha porini akikimbia mgambo.

Huo ndio mchango wake. Haukuandikwa katika kadi, lakini umo katika kila barabara tunayopita. Na bibi aliyewalea wajukuu waliofiwa na wazazi wao wakati wa UKIMWI, bila posho wala cheo, je, huyo hakuchangia? Ukiona vyaelea vimeundwa, nao ndio waundaji.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, ikazungumza juu ya hifadhi ya jamii kwa wazee. Ahadi ni deni. Zaidi ya miaka 20 imepita, na Tanzania Bara mzee wa miaka 75 asiyekuwa mtumishi hana pensheni. Kuna TASAF, nayo yawafaa baadhi. Lakini TASAF ni msaada kwa kaya zilizochaguliwa kuwa maskini kuliko nyingine. Haki haiulizi nani ni fukara zaidi ya jirani yake.

"FEDHA HAKUNA"

Najua jibu litakalotolewa. Fedha hakuna. Nchi ni changa, wazee wangoje.

Basi tuwatazame jirani zetu. Zanzibar, visiwa visivyo na dhahabu wala almasi, Aprili 2016 vilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi wa pweza, na fedha zilitoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Mbingu haikuanguka. Kenya mwaka 2018 ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Lesotho, nchi ndogo ya milimani iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote, ilianza tangu mwaka 2004.

Kwa Bara, hesabu haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wazee milioni 1 wakilipwa shilingi 20,000 kila mwezi ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Bilioni 240 ni chini ya nusu ya asilimia moja. Hata wazee hao wakiwa milioni 2, haifiki asilimia moja kamili. Yaani katika kila shilingi 100 za taifa, hatuwezi kumtengea babu yetu shilingi 1?

Shilingi 20,000 si utajiri. Lakini ni sabuni, chumvi, mafuta ya taa na nauli ya kwenda hospitali. Zaidi ya hayo, ni heshima. Mzee mwenye chake haamkii kwa woga katika nyumba ya mwanawe.

TUNATAKA NINI?

Tusije tukaambiwa kwamba tunajua kulalamika tu. Haya ndiyo tunayoyataka.

Kwanza, Serikali ilipe deni lote la mifuko, na ratiba ya malipo isomwe Bungeni kila mwaka, ijulikane kimelipwa nini na kimebaki nini. Mdeni atangulie kulipa ndipo aseme na anayemdai.

Pili, kanuni mpya zianze na anayeanza kazi. Mtu aliyepanga maisha yake kwa kanuni moja, asiamke amebakiwa na mwaka mmoja akute kanuni imegeuzwa. Hayo si mabadiliko, ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

Tatu, wanachama wawe na sauti ya kweli katika bodi za mifuko, na hesabu za kila mradi zitangazwe kwa Kiswahili chepesi. Fedha za mfanyakazi zisijenge gofu jingine.

Nne, pensheni ya mwezi ipande bei zinapopanda. Shilingi 372,000 za leo hazitanunua kilo zile zile za unga baada ya miaka 15.

Tano, Bara ianzishe pensheni kwa wazee wote, kuanzia miaka 70, kama walivyofanya ndugu zetu wa Visiwani. Ianze na kidogo kama hapana budi, lakini ianze.

Ndugu wanachama, jambo hili lisiishie gazetini. Lipelekeni matawini. Lizungumzwe kwenye mashina, kahawani na baada ya mazishi, maana huko ndiko wazee wanakokutana. Mbunge akija kuomba kura mwulizeni maswali mawili tu: deni la mfuko limebaki kiasi gani, na bibi yangu ataanza kulipwa lini? Asiyekuwa na jibu arudi akalitafute.

Nanyi vijana, msidhani haya ni mambo ya wazee. Anayekatwa mchango leo ndiye mstaafu wa kesho, na anayelima leo ndiye mzee wa mkongojo wa kesho. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wazee wetu walichuma juani, tena jua kali. Kivuli kile ni mti walioupanda kwa mikono yao wenyewe, na hakuna mwenye haki ya kuwatoza kiingilio.